CHOKOLETI, MPUNGA NA SANDUKU LETU

Mazungumzo ya Mwenyekiti wa kikundi siku ya maadhimisho ya miaka kumi, Ziba

 

Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa wazima, na wenzetu waliotangulia mbele ya haki Mungu awalaze mahali pema. Miaka kumi si mchezo. Historia ya kikundi ameiandika Katibu katika kurasa za mwanzo za kitabu hiki, na hesabu zote ameziweka Mtunza Fedha, kwa hiyo mimi huko sirudii. Nimepewa nusu saa. Ningeweza kuimaliza kwa kushukuru mtu mmoja mmoja, lakini nimeona nizungumzie jambo ambalo lipo mezani kwetu na ambalo mchana huu, baada ya chakula, tutalipigia kura.

Mnalijua. Wanachama tisa wameleta ombi kwamba sanduku letu liwe linatoa mikopo ya kununulia mpunga ukiwa bado shambani. Yaani mwezi wa pili mwanachama anachukua fedha hapa, anakwenda kwa mwenye shamba aliyeishiwa chakula, anamlipa kwa bei ya chini, halafu mwezi wa sita anakwenda kuchukua magunia yake. Ombi limekuja kwa utaratibu, limeandikwa vizuri, na walioliandika ni wenzetu wachapakazi. Kwa hiyo tuliongee kwa heshima. Ila mimi nitaanzia mbali kidogo, nitaanzia kwenye chokoleti. Msicheke, nitafika.

Mnakumbuka wale wageni wa mafunzo walituachia chokoleti, kila mtu akapata kipande kama ukucha. Tukiwa tunakula, mama mmoja akauliza, jamani, hii inatoka kwenye mti gani? Hakuna aliyejua. Mwingine akasema inatengenezwa na maziwa. Mimi swali lile lilinikaa. Nikawa nasikiliza redio, nikauliza watu waliokaa Mbeya, na mjukuu wangu akanisomea mengi kwenye simu. Elimu yangu ni ya msingi tu, lakini masikio ninayo.

Chokoleti inatoka kwenye mti unaoitwa kakao. Tunda lake ni kubwa kama papai dogo na linaota kwenye shina lenyewe, halingoji tawi. Ndani kuna mbegu zenye utelezi mweupe mtamu. Mbegu zinatolewa, zinavundikwa siku tano hadi saba mpaka zichachuke, kisha zinaanikwa juani. Bila kuvundika vizuri haipatikani ile harufu, na kazi hiyo ni ya mkono. Na kumbe hatuna haja ya kwenda mbali kuiona! Hapa hapa Tanzania inalimwa Kyela na Rungwe mkoani Mbeya, na Kilombero mkoani Morogoro. Pale Mbingu, Kilombero, kuna kampuni iliyoanza mwaka 2013 ambayo inanunua mbegu mbichi kwa wakulima wadogo, inavundika na kuanika yenyewe, na kakao hiyo inasafiri mpaka kwa watengenezaji wa chokoleti huko Marekani na Ulaya. Wakulima wengi wa kakao wana maeneo madogo kama yetu, ekari moja, ekari mbili, mti wa kakao chini ya kivuli cha mgomba.

Lakini kakao nyingi ya dunia hii, zaidi ya nusu, inatoka nchi mbili tu za Afrika Magharibi, Kodivaa na Ghana. Na huko ndiko yalikotokea maneno. Hesabu moja iliyotolewa mwaka 2015 na mashirika yanayofuatilia kakao ilisema kwamba katika kila shilingi 100 anayolipa mlaji dukani kwa chokoleti, mkulima anaambulia kama shilingi 6 na kitu. Nyingine zote zinabaki njiani, kwa mnunuzi, msafirishaji, kiwanda na duka. Mkulima wa namna hiyo hawezi kumlipa kibarua mtu mzima. Anafanya nini? Anaweka watoto. Watoto wanapasua matunda kwa panga, wanabeba mizigo, wanakuwa karibu na dawa za kupuliza. Wengine waliletwa kutoka nchi jirani za Mali na Burkina Faso, wamepewa ahadi, wakifika hakuna malipo.

Makelele yalipokuwa makubwa huko Marekani, mwaka 2001 makampuni makubwa ya chokoleti yaliweka saini makubaliano kwamba yataondoa kazi mbaya za watoto kwenye kakao ifikapo mwaka 2005. Ikafika 2005, bado. Wakasogeza 2008. Wakasogeza 2010. Wakasogeza tena 2020, safari hii wakaahidi kupunguza tu. Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha Chicago wakatoa hesabu yao: watoto kama milioni 1.56 walikuwa katika kazi za kakao zisizowafaa, kwa nchi hizo mbili tu. Hapo sisi akina mama tunaweza kuwaeleza mabwana hawa jambo. Kwenye kikundi chetu mwanachama akichelewesha rejesho wiki moja anatozwa faini. Wao waliahirisha miaka kumi na mitano na chokoleti iliendelea kuuzwa.

Wala hilo si geni. Zamani Wareno walikuwa na kisiwa kinaitwa São Tomé, huko upande wa bahari ya magharibi. Kakao yake ilikuwa nyingi, na waliolima ni watu waliochukuliwa Angola. Kwenye karatasi waliandikwa kuwa ni vibarua wa mkataba, ila kurudi kwao ndiyo ilikuwa haipo. Kampuni ya Cadbury ya Uingereza, ambayo wenyewe walikuwa watu wa dini wasiopenda utumwa, ilianza kupata habari hizo mwaka 1901. Mwandishi mmoja Mwingereza, Nevinson, akaenda mwenyewe Angola na São Tomé miaka ya 1904 na 1905, akayaandika yote. Cadbury na wenzao Fry na Rowntree waliacha kununua kakao ya kule mwaka 1909. Hesabuni wenyewe, tangu kusikia mpaka kuacha ni miaka minane. Walikuwa wanachunguza, wanaandikiana barua, na huku wananunua.

Ninayasema haya nikiwa Ziba, katika nchi ya njia ya misafara. Wazee wetu wa Unyamwezi walibeba pembe za ndovu begani kutoka bara, kupitia Tabora mpaka Bagamoyo, miezi mitatu au zaidi njiani. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu wa kulipwa, waliofanya mapatano ya ujira na kuyadai, tusisahau hilo. Lakini njia hiyo hiyo walipitishwa na watumwa. Pembe zikivuka Zanzibar, nyingine zilikwenda mpaka Marekani, jimbo la Connecticut, zikakatwa vipande vyembamba vya kubandika kwenye piano. Kilichorudi huku ni shanga na kitambaa cha merikani, ambacho jina lake linatokana na Marekani kwenyewe, kikiletwa na wafanyabiashara wa mji wa Salem. Aliyebeba pembe hakuwahi kusikia piano inalia vipi. Na wengi wanaovundika kakao leo hawajaonja chokoleti, kama vile sisi tunavyovuna pamba halafu tunakwenda mnadani kununua mitumba.

Sasa kuna watu walioona hali hii wakasema hapana, ipatikane biashara ya haki. Alama ya kwanza ya namna hiyo iliwekwa Uholanzi mwaka 1988, kwenye kahawa ya wakulima wa Mexico. Uingereza alama yao ilipoanza mwaka 1994, bidhaa ya kwanza kabisa kuibeba ilikuwa chokoleti, kakao yake ikitoka Belize. Utaratibu wake si mgumu kuueleza. Mnunuzi anaahidi bei ya chini ambayo hataishuka hata soko likianguka. Juu ya bei hiyo anaongeza fedha ya pembeni, ambayo haiingii mfukoni mwa mtu mmoja, inakwenda kwenye chama cha wakulima, nao wanakaa mkutano na kuamua: tuchimbe kisima, tujenge darasa, tununue mizani. Kwa kakao, tangu Oktoba 2019 bei hiyo ya chini iliwekwa dola 2,400 kwa tani, na nyongeza dola 240. Kwetu Tanzania, vyama vikuu vya kahawa vya Kagera na Kilimanjaro, yaani KCU na KNCU, vimeuza kahawa kwa mpango huu tangu miaka ya 1990. KCU wana hisa hata katika kiwanda cha kahawa cha TANICA pale Bukoba. Huo ndio mfano ninaoupenda, mkulima kuwa na sehemu kiwandani.

Ghana nao walikuwa na mfano wao. Mwaka 1993 wakulima walianzisha chama chao kinaitwa Kuapa Kokoo, wakawa na wapimaji wao wenyewe, na mwaka 1998 ikaanzishwa kampuni ya chokoleti Uingereza ambayo wakulima wale walikuwa na hisa ndani yake, zikafika 45 katika kila 100. Tulipigie makofi hilo. Lakini tusikie na la pili. Mwaka 2009 baadhi ya vijiji vya chama hicho hicho vilisimamishwa kwa sababu watoto walikutwa wakifanya kazi mashambani. Na mwaka 2020 kampuni ilipopata mwenye hisa mkubwa wa Kijerumani, sehemu ya wakulima ilishuka mpaka 20. Kwa hiyo alama ni kitu kizuri, ila alama haiwezi kulinda shamba usiku. Wanaolinda ni wenye shamba.

Niseme na la watoto hapa kwetu, maana tukiishia kulaumu Kodivaa tutakuwa tunajidanganya. Mkoa wetu wa Tabora ni wa tumbaku, na mwaka 2011 ulianzishwa mradi Urambo na Sikonge kwa sababu watoto walikuwa wengi mno kwenye mashamba ya tumbaku. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2004 inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Mtoto kusaidia kuchuma pamba jioni akitoka shule, au kuchota maji, hiyo ni malezi, sote tumelelewa hivyo. Mtoto kulala machungani mwaka mzima kwa ng'ombe wa mtu mwingine, au kubeba bomba la dawa ya pamba mgongoni, hiyo si malezi. Tofauti tunaijua bila kufundishwa. Hapo napita.

Nirudi kwenye bei, maana ndipo penye kiini. Bei ya kakao duniani, ambayo mwaka 2022 ilikuwa kama dola 2,500 kwa tani, mwezi wa nne 2024 ilivuka dola 10,000, na mwezi wa kumi na mbili mwaka huo ikapita 12,000. Mvua zilikuwa mbaya na ugonjwa uliingia kwenye mikakao ya Ghana na Kodivaa. Mwaka 2025 ikashuka tena. Mtu angedhani mwaka 2024 kila mkulima alitajirika. Hapana. Kodivaa bei ya mkulima ilikuwa imepangwa kabla ya msimu, faranga 1,000 kwa kilo, ikaja kupandishwa 1,500 mwezi wa nne, wakati soko la dunia lilishakimbia mbali. Kakao ilikuwa imeuzwa mapema. Kyela, ambako kakao inakusanywa na vyama vya msingi na kuuzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani, bei nzuri iliwafikia wakulima haraka zaidi. Ila iliwafikia wenye kakao. Kama kuna mtu alikuwa ameshauza matunda yakiwa mtini kwa sababu ya ada au ugonjwa, bei ile aliisikia redioni tu kama mimi.

Ugonjwa huu wa kuuza kabla ya kuvuna umeenea nchi nzima. Kagera kwenye kahawa wanauita butura, kahawa inauzwa ikiwa maua. Mtwara kwenye korosho kuna kangomba. Serikali imepiga marufuku mara nyingi, viongozi wamekemea majukwaani, na bado upo. Kwa nini haufi? Kwa sababu anayeuza maua anajua kabisa kwamba anapunjwa. Si mjinga. Ana mtoto homa inampanda, na duka la dawa halipokei maua.

Kwa hiyo akina mama, nikiulizwa biashara ya haki ni nini, mimi nitasema ni mambo matatu. Mizani ambayo pande zote mbili zinaisoma. Jina lako wewe mwenyewe kwenye daftari. Na kutokuwa na njaa siku ya kupatana bei. Hili la tatu ndilo zito, maana ukiwa na njaa hata mizani ikiwa sawa na jina likiwepo, utakubali chochote.

La mizani wazee wetu walilianza zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, walipochoka kupunjwa na wafanyabiashara, waliweka wapimaji wao wakae kwenye mizani na kuhakiki. Katika kupima huko ndiko vikaota vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana vikawa chama kikubwa chini ya Paul Bomani. Baadaye vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, sheria ya 1982 ikavirudisha, na mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa makampuni binafsi. Katika hayo yote tumeona mazuri, tumeona na madeni ambayo hayakulipwa. Lakini lile wazo la mpimaji wetu wenyewe halijazeeka. Leo tunauza mpunga kwa lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu, na sheria ya vipimo inakataza, na tunanyamaza. Kikundi chetu kimenunua mizani yake mwaka jana. Itumieni. Isiwe ya kupimia watoto kliniki tu.

La jina nalo. Kwenye vyama vya mazao mwanachama ni mwenye shamba, na mwenye shamba anayeandikwa ni baba. Mama amepanda, amepalilia, amefukuza ndege mwezi mzima, lakini siku ya malipo anayeitwa ni mwingine. Na mama akifiwa, jina linakufa na mume, anaanza kuzungushwa. Wanachama wetu wanne sasa wana majina yao wenyewe kwenye chama cha msingi, na haikuwa kazi rahisi. Ndugu Diwani, hapo tunaomba msaada wako, nawe unajua tumeshakuja ofisini kwako.

Sasa nimefika kwenye ombi letu. Chukueni hesabu hii, ni ya mfano tu. Tuseme mwezi wa pili jirani yako ameishiwa. Anauza gunia la mpunga ambalo halijavunwa kwa shilingi 30,000. Mwezi wa sita gunia hilo sokoni ni 70,000. Kwa miezi minne mnunuzi amepata 40,000 juu ya 30,000 yake. Hata ile mikopo ya mjini wanayoiita kausha damu, ambayo tunaisema sana kwenye vikao vyetu, ingepata shida kufika hapo. Sasa tuseme jirani huyo huyo angekopa 30,000 kwenye sanduku kwa riba yetu ya shilingi 5 kwa kila 100 kwa mwezi. Kwa miezi minne riba ni 6,000. Mwezi wa sita anauza gunia lake mwenyewe 70,000, anarudisha 36,000, anabaki na 34,000 mkononi. Kwa njia ya kwanza gunia limekwenda na mkononi hana kitu.

Walioleta ombi wana hoja zao na mimi nimezisikiliza. Wanasema, sisi tukikataa, atanunua mwingine kutoka Igunga mjini au Nzega, na yeye atatoa 25,000. Ni kweli. Wanasema, huyo mama anakuja mwenyewe nyumbani kwangu saa mbili usiku, analia, namsaidia. Hilo nalo ni kweli, na siwezi kusimama hapa nikasema aliyempa 30,000 usiku ule ni mtu mbaya. Watoto walikula. Hata wale wa Cadbury hawakuwa watu wabaya, walijenga nyumba nzuri za wafanyakazi wao kule Uingereza, wakawa wanasali kila siku. Walikuwa wananunua kwa bei iliyokuwepo.

Wanasema tena kwamba mgao wa mwisho wa mwaka utaongezeka. Hapo ndipo nawaomba mfungue daftari. Riba anayolipa mkopaji kwa sanduku ni ile ile, awe amekopa kwa ajili ya genge, kuku, ada au mpunga wa shambani. Zile 40,000 za mwezi wa sita haziingii kwenye sanduku hata senti moja. Zinaingia kwa wanachama tisa. Na fedha wanazotumia ni za wanachama thelathini, wakiwemo wanne ambao wenyewe waliuza mpunga wao shambani msimu uliopita. Maana yake mama anaweka hisa zake hapa kila Jumamosi, halafu fedha zile zile zinazunguka nyuma ya nyumba na kumnunulia shamba lake kwa bei ya njaa. Jamani!

Kwa hiyo Kamati inapendekeza hivi. Sanduku lisitoe mkopo wa kununulia zao lolote ambalo halijavunwa, na katiba yetu iongezwe kifungu hicho. Mwanachama mwenye fedha zake binafsi hatuna mamlaka naye, hilo ni kati yake na majirani zake. Badala yake sehemu ya fedha itengwe tangu mwezi wa kumi na mbili kwa ajili ya mkopo wa masika, usiozidi 60,000 kwa mtu, urejeshwe baada ya mavuno na si kila wiki. Na yule chumba cha nyuma cha ofisi kitengenezwe kiwe ghala, mwanachama aweke magunia yake, akope kwa dhamana ya magunia hayo na kungoja bei ya mwezi wa kumi na moja. Fundi ameshapima, Mtunza Fedha ana makadirio.

Limebaki jambo moja ambalo hata Kamati haikukubaliana. Wengi wanaouza shambani si wanachama wetu. Hisa yetu ya 2,000 kwa wiki imewashinda, ndiyo maana hawapo hapa leo, wapo nje ya uzio wanasikiliza muziki. Baadhi yetu tunasema hisa ishuke iwe 1,000 ili waingie. Wengine wanaogopa kwamba tutapokea watu wasioweza kurejesha, na sanduku la miaka kumi litabomoka kwa msimu mmoja wa ukame, na ukame hapa Igunga tunaujua. Kuna aliyependekeza kila mwanachama amdhamini jirani mmoja asiye mwanachama, kwa kiasi kidogo, akishindwa deni libaki kwa mdhamini. Mimi binafsi naegemea hapo, lakini sitaki kuwasukuma. Hilo tulijadili wazi, kila mtu aseme, na wale tisa waanze wao kusema kwa sababu wanawafahamu hao majirani kwa majina kuliko Kamati.

Kura itakuwa ya siri. Baada ya pilau kila mwanachama atapewa punje mbili, ya mahindi na ya choroko. Mahindi ni kukubali ombi la wenzetu tisa, choroko ni kukubali pendekezo la Kamati. Unatumbukiza moja kwenye chungu kilichofunikwa, nyingine unabaki nayo. Watakaohesabu ni Mgeni Rasmi pamoja na wenye funguo tatu za sanduku. Wageni wetu wa vikundi jirani mnaruhusiwa kutazama, kupiga kura hapana.

Chakula kiko tayari, wazee na akina mama wenye watoto wadogo watangulie.